Mngurumo wa Friji la Mama Ziyad

Mbele ya duka la Bhavesh la kutengeneza simu, hapa kwetu ughaibuni, Thamesmead, kuna benchi ambalo Jumamosi asubuhi halikosi watu watatu na chupa moja ya kahawa. Kahawa ni ya Mzee Mbarouk wa Pemba, tunayemwita Hamsini, na muda si mrefu utajua kwa nini. Wa pili ni Collins, nesi kutoka Kakamega, ambaye benchini ni Profesa. Wa tatu ni Bhavesh mwenyewe, Mhindi aliyezaliwa Kisumu, naye jina lake ni hilohilo, Kisumu. Mimi si mwanachama. Napita tu na kigari cha mtoto, wananisogezea nafasi upande usiopigwa na upepo. Jumamosi ile walikuwa wananitengenezea mngurumo. Friji langu la zamani lilikuwa limekufa na kuchukuliwa, na tangu hapo mwanangu Ziyad, wa miezi saba, hakulala tena mchana. Alizoea kulala jikoni likinguruma. Jumatatu nilikuwa naanza kazi ya kuhudumia wazee, na wifi yangu Hayat aliyekubali kumshika alishaniambia waziwazi: asipolala simuwezi, tafuta mtu mwingine. Mtu mwingine sina.

Kisumu alitoa dukani mashine yake ya kutengeneza mawimbi ya umeme. Ukiiunganisha na spika, wimbi unalisikia. Akavuta waya hadi nje ya mlango, akaiweka juu ya kreti.

– Wimbi la kwanza, alisema Kisumu. Niandike ngapi?

– Hamsini, alisema Mzee Mbarouk. Umeme wa nchi hii unakwenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde. Wa Unguja hamsini. Wa Pemba hamsini.

– Wa Pemba ukiwepo, alisema Profesa.

– Collins, kunywa kahawa yako.

Kisumu akabonyeza. Spika ikatoa mlio mzito, umenyooka. Ziyad akaacha kulia, akausikiliza kwa adabu, kisha akaendelea kulia.

– Silo, nikasema. Letu lilikuwa na kitu kingine juu yake, kama kutetemeka.

– Si nilisema? Profesa akaruka. Friji haina sauti moja, mzee. Mota inanguruma mia moja. Weka hundred hapo, halafu ujumlishe. Si hiyo kitu inajumlisha?

– Inajumlisha, alisema Kisumu. Unapanga moja, unapanga la pili, unabonyeza hapa, linatoka wimbi moja lenye milima na mabonde ya yote. Mama Ziyad, juu ya friji uliweka nini?

– Chupa ya siki.

– Basi! Chupa ilikuwa inalia. Naongeza la tatu, mia nane. Sasa vimo, yaani nguvu ya kila wimbi. Hamsini iende juu kiasi gani?

– Mpaka mwisho.

– Na hundred yangu mpaka mwisho, alisema Profesa.

– Na mimi ndiye mwenye mashine, alisema Kisumu, akapandisha lake mpaka mwisho.

Ikatoka sauti ya bati linaloburutwa kwenye zege. Njiwa waliruka. Ng'ambo ya barabara mtu alifunga dirisha. Ziyad alilia mpaka akakosa pumzi, na Kisumu akakimbilia kuzima spika.

– Kimo kina mwisho, alisema. Matatu yakijumlishwa yakapita hapo, mashine inayakata vichwa. Lazima mtu ashuke.

– Ashuke Profesa, alisema Mzee Mbarouk.

– Mimi? Mota ndiyo friji yenyewe!

– Mota inakula nini? Inakula hamsini. Mtoto huyu hakumbuki friji, anakumbuka umeme. Umeme wa kwao.

– Amezaliwa hapa Woolwich, mzee.

– Damu haikuzaliwa Woolwich.

– Sawa, tuongee sayansi. Mama Ziyad, ukiwa na mimba ulikuwa unasimama upande gani wa friji?

– Kushoto, kwenye sinki.

– Kushoto! Wimbi likipitia maji ya tumbo linapinduka. Sisi tunampigia mtoto wimbi likiwa wima, lazima alie. Kisumu, ligeuze wimbi kichwa chini.

– Nyote hamjui, alisema Kisumu. Ni mwezi. Friji la mwezi mchanga halingurumi kama la mwezi mpevu. Mama yangu alikuwa akisikiliza friji ndipo agandishe mtindi.

– Mwezi unafika vipi ndani ya friji? alisema Profesa. Mlango umefungwa!

Mzee Mbarouk, huku akimwita Profesa mtu wa maneno matupu, alivua skafu yake akaifunika miguu ya Ziyad. Sidhani kama alijiona akifanya hivyo. Waliendelea hivyo mpaka alipofika Mumbi, msafishaji wa shule, kuchukua simu yake.

– Habari zenu. Mbona mnapigana?

– Nani anapigana? alisema Profesa. Tunamtafutia mtoto sauti ya kulalia.

Mumbi akainama juu ya kigari.

– Huyu aliyelala?

Tukatazama. Mdomo wazi, ngumi shavuni.

– Usiguse kitu! Mzee Mbarouk alimwambia Kisumu. Hifadhi namba hizo hizo!

Kisumu akaitazama mashine, kisha spika.

– Nimeizima. Tangu ile kelele.

– Sasa amelala kwa sauti gani? aliuliza Mumbi.

Benchi zima likanyamaza, na katika kimya hicho Ziyad akakunja uso, akapiga teke skafu.

– Hamsini, alisema Mzee Mbarouk haraka.

– Hundred, alisema Profesa.

– Mwezi mpevu, alisema Kisumu.

Ziyad akatulia. Mzee Mbarouk aliinamisha chupa mpaka tone la mwisho, kikombe akanipa mimi.

– Profesa, Jumatatu una shifti?

– Ya usiku.

– Basi mchana huna kazi. Mwanangu, mwambie wifi yako akiona watu wawili mlangoni asiogope. Kahawa naja nayo.

– Nitakuja, alisema Profesa. Lakini ni mia moja.

– Ni hamsini.