Mkono Wangu Ndani ya Gunia la Mama Mkwe

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Asifiwe mpaka bati za kanisa hili zitetemeke, na watu wa Dutwa waulizane kuna nini huku Sapiwi!

Mimi ni Masanja, na haya nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Miaka michache nyuma ungenipa karatasi kama hii ningeifungia tumbaku. Herufi nilizijua kama ninavyowajua samaki wa ziwani: nilisikia tu kwamba wapo.

Lakini ujinga wa kutojua kusoma haukuwa mzigo wangu mkubwa. Ndugu zangu, nilikuwa bingwa wa umande! Wenzangu walianika pamba juani, mimi niliianika alfajiri majanini ili inywe. Halafu niliishindilia katikati ya gunia, chini nikaweka kavu, juu nikaweka kavu nyeupe kama meno ya mtoto. Mizani ikashuka, mimi nikapanda! Watu walikuja kujifunza kwangu hata kutoka Mwanhuzi, kule ambako umande wenyewe ni wa kuazima. Hata mama mkwe wangu, mjane, alipata ufundi huo. Mimi sikumfundisha uso kwa uso, Mungu apishe mbali! Mnajua mila yetu: mkwe hatazamwi, mkwe anapishwa njia. Kwa kumpisha yule mama nimeingia kwenye miiba mara nyingi kuliko mbuzi wote wa Sapiwi. Nilimtuma mke wangu, Kabula, akamweleze mama yake.

Sasa ikatokea kwamba jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba pale Bariadi, kinatafuta mkaguzi wa magunia. Nilikuwa nimebeba magunia yao misimu mitatu, shingo imekuwa kama ya fahali. Nikaenda, kifua mbele. Karani akaninyooshea gunia lenye maandishi.

"Soma."

Nikalitazama. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyependezwa na habari.

"Soma kwa sauti, bwana!"

"Sauti imekauka kwa vumbi," nikasema.

Walicheka, ndugu zangu! Nadhani hata mashine zilisimama zicheke. Nikarudi kwenye kubeba, na jioni ile sikuweza kula hata michembe, vile viazi vyetu vya kukausha.

Mungu hakunilaza na aibu ile. Mwalimu Yohana, mwinjilisti wetu, ndipo alipoanzisha shule ya jioni humu humu kanisani. Watu wazima tunatoka shambani na matope miguuni, tunabanana kwenye mabenchi na vibao vyetu, karabai inanguruma. Wala hakuishia kwenye a-e-i-o-u. Alikwenda jineri kwa Bwana Hamisi, msimamizi, mtu wa Tabora asiye na mchezo, akamwambia, "Wewe unatafuta watu, mimi ninao. Tuwafundishe pamoja." Basi Bwana Hamisi akawa anakuja kwa baiskeli mara mbili kwa wiki, vifurushi vya pamba amefunga nyuma. Mwalimu anatufundisha kuandika "safi", pamba nzuri, na "fifi", ile ya daraja la chini. Bwana Hamisi anatufundisha kuzijua kwa vidole. Bonyeza. Nusa. Toa mbegu, ing'ate. Mbegu kavu hulia ka! Mbegu mbichi hunyamaza kama mwongo aliyebanwa.

Nilijifunza kwa moto! Kufikia mavuno nilikuwa nasoma kila kitu, hata nyayo za kuku uwanjani. Mwalimu akanichagua niwe wa kwanza kwenda kujaribiwa kwenye kituo cha kununulia pamba, Dutwa. Lakini Bwana Hamisi alisimama mbele ya darasa zima akasema, "Masanja akikagua kwa haki wiki hii, kila msimu nitachukua watu hapa. Akinipitishia gunia moja la maji, basi. Watu nitawatoa Mwanza."

Wenzangu ishirini walinigeukia. Sijawahi kutazamwa hivyo tangu kuzaliwa.

Siku mbili nilikagua kama malaika wa mlangoni. Siku ya tatu, asubuhi, nikasikia nyuma ya foleni sauti ya kike ikisalimia, "Mwangaluka!" Nilimjua bila kutazama. Mama mkwe! Miguu yangu ikaanza yenyewe kutafuta miiba ya kuingia, lakini pale Dutwa mbele ya mizani miiba haipo, ndugu zangu. Kuna watu tu.

Zamu yake ikafika. Gunia likatuliwa mbele yangu. Yeye akageukia barabarani, akajifunika khanga. Mimi nikageukia mizani. Gunia likabaki katikati kama yatima.

"Haya, msomi!" akaita mmoja wa kwenye foleni. "Ingiza mkono!"

"Anaogopa! Anadhani mna chatu!"

"Si chatu, ni mkwewe!" akasema mwingine, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Bwana Hamisi hakucheka. Alisogea hadi begani pangu.

Nikaingiza mkono. Juu, kavu, nyeupe kama meno ya mtoto. Nikazamisha hadi kwapani. Katikati palikuwa na ubaridi ninaoujua. Nikatoa mbegu, nikaing'ata. Kimya. Ikabonyea kama kunde iliyolowekwa.

Ndugu zangu, ule ulikuwa ufundi wangu! Hakuna mwingine katika nchi hii anayeshindilia vile. Umande wangu ulinizunguka kwa njia ya Sapiwi ukaja kunikamata Dutwa. Nikilipitisha, darasa zima limekwisha, na nimerudi kuwa mwongo, safari hii mwongo anayejua kusoma. Nikilikataa, nimemvua nguo mama wa mke wangu mbele ya watu, kwa kosa nililomfundisha mimi. Nikasema moyoni, "Bwana, nishike mkono, maana umo ndani ya gunia." Hiyo ndiyo sala yote. Sikuwa na nafasi ya nyingine.

Na Bwana akanifungua kinywa!

"Gunia hili ni bichi," nikasema. "Halipokelewi, likaanikwe. Na aliyeleta ujanja huu kwenye nyumba hii ni mimi. Mimi ndiye niliyelowesha pamba yangu misimu yote, nikawafundisha wengine. Mama huyu asichekwe. Nichekwe mimi."

Hakucheka mtu.

Ndipo mama mkwe akasema, mgongo ameugeuza bado, "Mwambieni huyo mtu asijibebeshe kila kitu. Ujanja ulitoka kwake, lakini maji nilimwaga mwenyewe."

Bwana Hamisi akanigeukia. "Anasema maji alimwaga mwenyewe."

Tulikuwa hatua mbili tu! "Mwambie mayu, mama yangu huyo, nimesikia," nikajibu. "Na anisamehe."

"Anasema umsamehe, mama."

"Mwambieni anitafutie mkeka," akasema mama mkwe.

Mikeka ilikuja mitano! Pamba ikamwagwa juani, akakaa kando yake mwenyewe akiigeuza siku nzima. Na foleni, ndugu zangu, ikafanya muujiza wake: nusu yake wakakumbuka ghafla kuna kitu wamesahau nyumbani, wakageuza mikokoteni. Jua liliposhuka nikaingiza mkono tena katika gunia lake, nikang'ata mbegu. Ka! Hata waliokuwa sokoni walisikia. Nikaandika kwa herufi kubwa: SAFI.

Bwana Hamisi alikuwa anafunga baiskeli yake. "Mtu aliyejishtaki mbele ya mkwewe," akasema, "mimi sina haja ya kumsimamia. Mwambie mwalimu wako aniletee wengine wanne."

Wanne hao mnawajua. Wawili wamekaa pale karibu na mlango. Mimi mwenyewe ni mkaguzi wa jineri, na jioni namsaidia Mwalimu Yohana kufundisha. Na wiki ya kwanza ya masomo mapya, nani alikuja na kibao chake akakaa benchi la nyuma? Mama mkwe! Nikasema, Bwana, nitamfundishaje mtu nisiyeruhusiwa kumtazama? Lakini Mungu aliliona hilo siku nyingi akaweka ubao ukutani. Anayeandika ubaoni huwapa watu mgongo! Ndiyo sababu hakuna mwalimu anayeandika zaidi kuliko mimi. Juzi nikasikia nyuma yangu sauti ikisoma polepole, "Pa-mba." Nikaendelea kuandika, maana macho yangu yalikuwa yamejaa.

Ndugu yangu unayesikia haya, kama na wewe una ubichi ulioushindilia katikati, usingoje mkono wa mkaguzi. Umwage leo mbele za Bwana. Jua lake halijawahi kushindwa na gunia. Na kama hujui kusoma, njoo jioni. Benchi la mbele lina nafasi. La nyuma lina mwenyewe.