Begi Moja ya Kwenda Namibia

Kwa maman Françoise, hapa Cimpunda, benchi iko moja, na mguu wake mmoja ni jiwe. Anayekaa upande wa jiwe asicheke sana, ataanguka pamoja na wenzake. Kahawa yake iko na tangawizi ya kuamsha mulevi. Wateja wa kila asubuhi ni tonton Déogratias, aliyefanya kazi ya forodha miaka mingi mpakani Ruzizi, tunamwita Douane. Guylain, anayeuza nguo za mutumba, tunamwita Tombola. Na mimi, mutengenezaji wa telefone, wananiita Réseau, ni kusema mtandao. Jumamosi ile tulikuwa bado tunapuliza vikombe wakati Cibalonza, jirani yetu, aliposhuka kilima na begi ndogo mgongoni. Huyu dada alikuwa anashika hesabu za ONG moja, shirika la misaada, mpaka mukataba wake ukaisha.

— Jambo batu ya hapa. Nimekuja kuaga.

— Kuaga? Kwani unaenda soko gani? Tombola akauliza.

— Minaenda Rwanda, Tanzania, Zambia, mpaka Namibia. Kwa bus. Miezi sita.

— Na bagages iko wapi?

— Njo hii.

Douane akaweka kikombe chini. Aliinua ile begi na vidole viwili, kama mutu anainua panya.

— Miezi sita na begi ya mutoto mudogo wa maternelle! Ndani kuko nini?

— Suruali moja, na hii ninavaa. Mashati tatu. Koti ya mvua. Sabuni moja, ya mwili, ya nywele, ya nguo. Dawa, chaja, na kikwembe kimoja cha kujifunga.

— Kimoja! maman Françoise akashika kifua.

— Iko shuka, iko taulo, iko rideau ya dirisha, iko nguo ya misa, maman. Kazi zote anafanya yeye.

— Na viatu?

— Iko mu miguu.

Tombola akasogea mbele. Nguo ndiyo kazi yake, hakuna anayemfundisha.

— Sikilizeni mi niwaambie. Zile balo za mutumba zinatokaka wapi? Ni bazungu ba begi ndogo! Kila muji banafika, banavaa, banatupa, banaendelea. Sisi hapa tunavaaka safari zao. Hii shati yangu ilishafika Brésil.

— Acha uongo, Douane akasema. Mi nilisimama ku barrière ya mpaka. Mutu wa valise, wa sanduku kubwa, unafungua, unaona sufuria, unaona viatu, unamujua mpaka bibi yake. Wa begi ndogo unafungua, unaona sabuni. Sasa utamujua namna gani? Bale njo tulikuwa tunachelewesha. Mara moja nilimukuta mumoja na mswaki tu. Nilimuweka pembeni siku muzima.

— Na ukakuta nini?

— Mswaki.

Mimi pia sikutaka kubaki nyuma. Nikawaambia nilichosoma ku telefone ya mteja, kwamba siku hizi kuko kitambaa isiyokamata jasho. Mutu anavaa mwaka muzima.

— Na harufu inaenda wapi? Tombola akauliza.

— Inapanda juu. Kwa satellite.

— Njo maana réseau iko mubaya, Douane akasema, na benchi likataka kutumwaga.

Cibalonza alikuwa anacheka na sisi, kisha akaacha. Moto, pikipiki ya abiria, ilikuwa imesimama barabarani, na juu yake alikuwa Adalbert, kaka yake mukubwa anayemwita yaya, amekumbatia valise ya rangi ya kahawia yenye ukubwa wa mutu mwenye afya. Tangu baba yao afariki, Adalbert ndiye anasemea familia.

— Nilikuambia hautatoka bila hii, alisema kabla ya kutusalimia.

— Na mi nilikuambia hapana jana usiku, yaya. Leo pia nasema hapana.

Adalbert akafungua valise mbele yetu, kusudi tuwe mashahidi. Unga wa muhogo. Sambaza kavu, samaki wadogo wa ziwa. Blanketi. Sufuria na kifuniko chake. Vikwembe sita. Viatu vya harusi. Na chini kabisa, pasi ya makaa.

— Mama na ba tantine, bashangazi, banapanga hii tangu juma ilianza, alisema. Na wewe unapita mu quartier, mu mtaa muzima, na kitu kama hiyo ku mugongo. Batu batasema nini? Binti ya kwetu anatoka kama mutu anakimbia vita?

Hapo hakuna aliyecheka. Neno lile, vita, hapa kwetu kila mutu analo nyumbani.

Cibalonza alisimama.

— Siku tulikimbia, tulibeba nini, yaya? Sema mbele yao. Tulibeba matelas ya kulalia. Tulibeba radio, mbuzi, sufuria za tantine. Wewe ulibeba mlango. Mlango! Mutu anakimbia njo anabebaka nyumba, juu hajui kama ataikuta. Mi sikimbie. Kitanda yangu inabaki, vikwembe yangu inabaki, ufunguo iko kwa mama. Mutu yeyote akiuliza, umwambie hivyo.

— Papa naye alitoka na begi ndogo.

Adalbert alisema hivyo polepole, na sasa hakuwa anasemea familia. Sisi wote tunajua habari ile. Baba yao alienda Shabunda kuchimba zahabu, akasema atarudi kwa sikukuu ya Noël.

— Papa alikufa ndani ya shimo, Cibalonza akajibu. Shimo ilianguka. Angebeba hii valise, ingeanguka vilevile.

— Na wewe usiporudi?

— Nitarudi. Lakini hata ningekuwa sirudi, pasi ya makaa haiwezi kunirudisha. Sikuombe ruhusa, yaya. Naomba uniage muzuri.

Adalbert akaikalia ile valise bila kuifunga vizuri. Cibalonza akapitisha mkono chini ya paja la kaka yake, akachomoa mfuko wa sambaza, akaufungua kwenye sinia ya maman Françoise.

— Hii ya mama tutakula hapa, sisi wote. Ile ingine irudi nyumbani.

Tukala. Chumvi ilikuwa ya kutosha. Douane akaanza tena: huko Zambia lazima uonyeshe valise, la sivyo wanakuandika kama mutalii na bei inapanda, Tombola akasema Namibia ni jangwa, kule nguo zinaliwa na mchanga, hata zile mashati tatu ni za bure. Tulikuwa tumefika kwenye swali kama mchanga unakula pia zipu, wakati mama mumoja wa kisiwa cha Idjwi alitua beseni lake la mananasi ili apumzike. Alisikiliza kidogo, akamtazama dada na begi.

— Anaenda kufanya nini kule?

Douane akamtazama Tombola. Tombola akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Adalbert.

— Ni… kazi, Adalbert akasema. Ama masomo. Mama hakusema.

Asubuhi muzima tulikuwa tumehesabu hata sabuni yake, na hakuna mumoja wetu aliyemuuliza.

— Minaenda kutembea, Cibalonza akasema.

— Kwa nani?

— Hakuna mutu. Kutembea tu, maman. Nataka kuona.

Yule mama akaweka mkono kiunoni.

— Mi pia ningetaka, alisema, akainua beseni lake, akaenda.

Moto ilikuwa inangoja impeleke ku bus. Adalbert alinyoosha mkono ili ambebee dada yake ile begi mpaka barabarani.

— Acha, yaya. Hii naiweza.

Akatangulia. Adalbert akaacha valise kwetu, akashuka nyuma yake, mikono mitupu ikining'inia, kama mutu ambaye hajui aiweke wapi.