Nishani Niliyooa Nayo

Zima kwanza hiyo mashine ya kusagia chuma, mwanangu, hao wenye mageti yao watasubiri, uje ukae hapa kitandani upande wa miguu. Na wewe mwalimu, vuta kigoda, uache kunisomea hiyo barua, nimeshaisikia mara tatu na furaha yako nimeiona. Mama yenu abaki pale pale dirishani na ushonaji wake, maana nikimwambia aache atajua nina jambo zito, ingawa naona ameshajua. Nataka masikio yenu yote manne. Pumzi niliyobaki nayo ni ya kupima, sitaki kuimalizia kwenye kurudia maneno.

Nianze na mepesi. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka siku Mungu atakapomwita, na asije mtu, awe shangazi awe mjomba, akawashauri muiuze au mgawane vyumba yeye akiwa hai. Karakana ya huko mbele na vyote vilivyomo, hata ule mtambo wa kuchomelea uliotaka kutuunguzia paa, ni vyako wewe fundi, ila chumba hiki cha nyuma usije ukakigeuza stoo ya vyuma. Taipureta yangu ni ya dada yako mwalimu. Najua kwa watu wa kompyuta ni takataka, lakini ndiyo iliyowasomesha, naye anajua kutunza vitu. Na baba yenu mdogo, ambaye hatujasemezana tangu ugomvi wa ule ukuta, mwambieni nimemsamehe kwa moyo mweupe, kisha mwambieni ukuta ulikuwa wangu.

Sasa hilo la barua. Mwalimu wangu, umehangaika na ofisi ya kumbukumbu za jeshi mwaka mzima na nusu. Umepanga foleni, umejaza fomu, umesimamishwa kwenye korido na vijana wa umri wa wanafunzi wako, yote kwa sababu uliona faili la baba yako halina nishani hata moja, na kwenye picha ya harusi iliyoko sebuleni baba yako ana nishani ya ushujaa kifuani. Ukawapelekea picha, wakaikubali. Sasa wanataka nitie sahihi tamko tu, na nikifa waje askari na bendera, wapige tarumbeta, waweke jiwe la jeshi kaburini. Nakupenda sana, mwanangu. Sijaona mtoto aliyempigania baba yake namna hiyo.

Nishani ile si yangu.

Usiseme kitu, ngoja. Faili langu halina kosa lolote. Nilikuwa karani wa kikosi, na vyote nilivyostahili vimeandikwa mle: miaka ya utumishi, tabia njema, na chuma kilichoingia mguuni. Nishani ile ni ya Breki.

Ndiyo, mzee Breki huyo huyo wa mtaa wa pili, aliyekuwa akiwabeba mabegani mkiwa wadogo, tuliyemzika mwaka juzi. Jeshini alikuwa dereva wa lori, na tulimwita Breki kwa sababu lori lake halikuwa nazo, lilisimama pale tu lilipogonga kitu. Siku ile tulikuwa majeruhi kumi na mmoja nyuma ya lori hilo, na mimi nikiwamo, nimekumbatia sanduku la mafaili utadhani ndilo lenye jeraha. Barabara nyembamba, imetegwa mabomu ya ardhini, na gari lililotutangulia likalipuka mbele ya macho yetu. Kugeuza haiwezekani, kushuka haiwezekani, mahali pekee penye usalama ni pale magurudumu yetu yalipokwisha kupita. Breki akatoa kichwa dirishani, akatazama nyuma, akarudi kinyumenyume juu ya alama za magurudumu yake mwenyewe, kilomita nne, watu tunalia nyuma yake, naye hakutoka nje ya alama hata upana wa kidole. Tulipofika kambini shingo ikakataa kurudi mbele. Wiki tatu mtu huyo alikula akitazama bega lake, na sisi tuliokuwa tunamcheka ndio hao hao aliotutoa kaburini.

Wakati nishani yake inatoka, mimi nilikuwa nimemposa mama yenu. Babu yenu, fundi cherehani, mtu wa maneno machache na mkasi mkubwa, alinitazama kutoka juu hadi chini akasema, "Karani? Karani ni mtu wa kukaa kwenye kiti. Binti yangu ameposwa na askari au na kiti?" Akakubali shingo upande, nikarudi kambini nimenywea, nikamsimulia Breki. Basi Ijumaa ya kwenda kuoa, adhuhuri, gwarideni, mkuu wa kikosi akambandika Breki nishani, na saa tisa lori la likizo likawa linaondoka na mimi ndani. Breki akaichomoa kifuani kwake akanichomeka mimi, anacheka hadi machozi. "Nenda kamzibe mdomo fundi cherehani," akaniambia. "Ukirudi nirudishie, na ole wako uimwagie mchuzi."

Sikilizeni vizuri sasa, hapa ndipo nilipoharibu. Nishani hutoka na karatasi yake, nyembamba, ya rangi ya waridi. Askari anapewa nishani, karani anapewa karatasi, na karani anaandika mstari mmoja kwenye faili la askari, anagonga muhuri, anaibana karatasi nyuma. Kazi ya dakika tano. Karatasi isipobanwa, kwa jeshi jambo hilo halikutokea. Mimi dakika tano hizo sikuwa nazo, lori linapiga honi, wenzangu wananiita bwana harusi, nikaitia karatasi mfuko wa shati, nikasema nitaandika nikirudi. Babu yenu aliponiona na ile nishani alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akawageukia wageni akasema, "Mkwe wangu ni shujaa." Nami nikakivaa kilemba kile cha ukoka, nikatabasamu kwenye picha.

Niliporudi nilimpa Breki nishani yake. Nikaingiza mkono mfukoni, hamna kitu. Shati lilikuwa limefuliwa, limepigwa pasi, nikajua karatasi imekwenda na maji. Na mafaili nayo yalikuwa yameshafungiwa kwenye masanduku na kupelekwa makao makuu, kikosi kinahama. Ilinipasa niripoti siku ile ile. Lakini ningeulizwa karatasi ilipotelea wapi, na kuvaa nishani isiyo yako ni kosa la kufukuzwa jeshini, na babu yenu angesikia. Nikanyamaza. Nilidhani makao makuu wangekuwa na nakala. Hapana, leo nisiwadanganye, sikudhani. Nilijipoza tu.

Breki alipostaafu akaenda kuomba aingizwe kwenye orodha ya wenye nishani. Wakafungua faili, hamna. Wakamwambia nishani hata mnadani zinauzwa. Akaja hapa, akakaa kwenye kigoda hicho ulichokalia, mama yenu yuko pale pale dirishani, akaniuliza kwa upole, "Karani wangu, uliandika?" Nikamjibu, "Niliandika." Basi. Hakuniuliza tena maisha yake yote. Aliniamini mimi, akaona jeshi ndilo lenye makosa, akairudia ofisi ile mara tisa, na mtaani wakamwita Jenerali wa Mnadani, watoto wakampigia saluti na kukimbia. Alikuwa akicheka nao, mnakijua kicheko chake, lakini nishani aliacha kuivaa. Tulimzika bila bendera. Mjane wake, shemeji yangu, alinigeukia pale kaburini akasema, "Shemeji, angalau wewe unajua." Nikamwambia, "Najua." Wewe fundi ulinidaka nisianguke, ukawaambia watu ni jua kali. Halikuwa jua, mwanangu.

Kwa hiyo tamko hilo sitii sahihi. Lichane, mwalimu, najua unazo fomu tupu kwenye begi, wewe huchukui kitu kimoja. Utaandika jingine, la kusahihisha faili la Breki, na mimi nitasema kama karani niliyepokea karatasi ile kwa mkono wangu. Wanaweza wasiniamini. Ushahidi sina, nina neno langu tu, nalo mmeshasikia lilivyonitumikia.

Mke wangu, unakwenda wapi? Usiondoke, tafadhali, nikasirikie ukiwa hapa hapa. Mwacheni. Haondoki, anafungua droo ya cherehani. Unatafuta nini huko? Nini hiki unachonipa? Mwanangu, niletee miwani.

Ni ya waridi. Imefifia, lakini ni ya waridi. Huu hapa muhuri wa mkuu wa kikosi. Hili hapa jina lake.

Umesikia, mwalimu, alivyosema mama yako? Wewe fundi hukusikia, masikio yako yameliwa na mashine, basi nikurudie. Anasema shati langu lililetwa dukani kwa baba yake kupigwa pasi, asubuhi ya harusi, akaikuta karatasi mfukoni, akaisoma, akaificha wageni wasije wakaiona. Alijua nishani ni ya kuazima kabla hata hajawa mke wangu! Na ukakubali kuolewa? Anasema hakuposwa na nishani. Oh, wanangu. Miaka arobaini na moja amekuwa akiipangusa vumbi picha ile, akinisikia ninavyowapigia wageni chuku, akanyamaza nisiaibike. Na mimi nimenyamaza asinidharau. Na kwa nini hukuitoa, mke wangu, siku ile Breki amekaa hapa?

Anasema, "Ulimwambia umeandika. Nilikuamini."

Niacheni kidogo. Niacheni nipumue.

Kumbe haki ya Breki ilikuwa humu ndani, hatua tatu kutoka pale alipokaa. Ningesema "sikuandika", mama yenu angefungua droo, na Breki angetoka humu na karatasi yake mkononi. Neno moja. Usilie, mke wangu, wewe huna hatia hata chembe. Hili ni langu peke yangu.

Fanyeni hivi. Kesho asubuhi nendeni wote wawili kwa shemeji yangu, kabla hamjakwenda ofisini. Msimnong'oneze chumbani. Mwambieni barazani, kwa sauti, majirani wasikie, hasa yule muuza mkaa aliyemtungia lile jina. Semeni baba yetu hakuandika, na alipoulizwa alidanganya. Akiwafukuza, ondokeni kwa adabu, mrudi keshokutwa. Karatasi hii isitoke mkononi mwenu: ofisini waachieni nakala, hii yenyewe waione kwa macho. Wataleta jiwe la Breki na bendera yake, na wewe fundi utamchomelea uzio, uzio wa maana, siyo huo wa haraka haraka unaowauzia watu. Mimi nizikeni na shati la kawaida. Picha msiitoe ukutani, mama yenu alipendeza mno siku ile, lakini wajukuu wakiuliza, waambieni nishani ni ya nani.

Sogezeni vichwa vyenu. Hata wewe mwenye masizi, sogea. Mungu awape kazi za mikono yenu zisizowakosesha usingizi. Awape wenza watakaowajua mlivyo na wasiwakimbie, kama alivyonipa mimi bila kustahili. Gombaneni, ndugu hugombana, lakini mpatane kabla ukuta haujajengwa. Mama yenu asilale peke yake... miezi ya mwanzo. Nimewaridhia wanangu, nimewaridhia, mbele na nyuma...

Maji. Kidogo tu. Asante.

Nini tena, mwalimu? Kuna sehemu ya fomu umeibakiza? Soma. "Sababu ya kutoandikwa kwa wakati." Eh, nao hawaachi kitu. Andika karani alikuwa likizo ya ndoa.

Hapana. Futa hiyo. Likizo ilikuwa siku kumi na nne tu.

Andika... andika karani aliogopa. Ndiyo, hivyo hivyo, usiipambe. Umeandika? Nisomee... Haya, lete kalamu. Mke wangu, nishike kiwiko. Ni hapa, kwenye mstari? Basi, msinifunike macho kwa hicho kitambaa cha kunifutia jasho, niacheni nione ninachotia sahihi.