Norman Kagabo na Anga ya Juu ya Mirihi

Maneno haya ni ya Illuminée Mukasine, mke wa marehemu. Yeye hakupata shule. Ameyasema, na binti yao Shimwa ameyaandika na ndiye anayewasomea.

Norman Kagabo alizaliwa Mbarara, Uganda, tarehe 14 Machi 1977, mtoto wa pili wa wazazi wakimbizi. Alianza shule huko huko. Mwaka 1995 familia ilirudi nyumbani, ikakaa Remera, Kigali. Alisomea fizikia chuo kikuu Huye, kisha Ulaya, na mwaka 2008 akarudi na shahada ya udaktari na koti zito ambalo Kigali halikumfaa kitu. Alifundisha chuo kikuu mpaka nguvu zilipomwishia.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza anga ya juu ya sayari ya Mirihi. Hakuwahi kufika huko, ingawa mama mkwe wake aliwaambia majirani kwamba alifika. Kuna chombo kinachoizunguka sayari hiyo kikiwa na rada. Rada hutuma mawimbi, yakigonga ardhi yanarudi, na Norman akiyasoma alijua yamepita katika nini njiani. Mke wake alipotaka kuelewa, alimsimamisha kwenye mteremko wa Rwezamenyo, akapiga kelele kuelekea kilima cha ng'ambo.

"Kilima kisipojibu," alisema, "usiseme hakipo. Sema kuna kitu njiani kimemeza sauti."

Wapita njia walimcheka. Akapiga kelele tena.

Posa yao ilifanyika tarehe 11 Julai 2009. Kaka mkubwa wa Norman, Bruce, alikuwa msemaji wa familia. Alimwombea mdogo wake mke mbele ya watu, akapewa, akanywa, akacheza. Shimwa alizaliwa mwaka uliofuata, Ntare mwaka 2013. Kusaini ndoa murengeni, yaani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kulichelewa hadi Alhamisi, 14 Septemba 2017. Siku hiyo bibi harusi alifika mapema. Bwana harusi alipiga simu.

"Mama Shimwa, rada imenyamaza."

"Na mimi ninyamaze? Afisa ananiangalia kama mjinga."

"Wenzangu wanasema imeharibika, wanataka kuzitupa data. Haijaharibika! Jua limerusha dhoruba, anga ya Mirihi imejaa chembe za umeme, inameza mawimbi yote. Nikitoka hapa watazifuta."

"Basi kaoe hiyo Mirihi!"

Hakuja. Data zilibaki, na baadaye wenzake walikiri kwamba ukimya ule ndio uliokuwa kipimo chenyewe. Siku nyingine ya murengeni ilipangwa, ikaahirishwa. Kila mara kulikuwa na dhoruba.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa. Mke wake alimpeleka hospitali, akamwogesha, akampikia bila chumvi, akamshikia kompyuta kitandani ili asome mawimbi yake. Alifariki Jumatatu, 3 Novemba 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mukasine. Bruce hakuwepo.

Alikuja kwenye kilio na wasifu wa marehemu aliouandika mwenyewe. Ulisema marehemu hakuoa.

"Wewe hauko kwenye karatasi ya serikali," alimwambia Mukasine mbele ya waombolezaji. "Uko mama wa watoto tu."

"Shemeji, ng'ombe uliowaleta kwa baba yangu walikuja kutembea?"

Watu walicheka hata msibani. Bruce hakucheka. Alitaka shada la kwanza liwekwe na yeye, na Mukasine akae nyuma, pamoja na majirani.

Mukasine hatakaa nyuma. Karatasi ya murenge haipo, na sababu yake mmeisikia. Posa ilikuwepo, na wengi wenu mlikula hapo. Wasifu wa Bruce haukuchapishwa. Huu ndio uliochapishwa.

Norman Kagabo ameacha mke, Illuminée Mukasine; binti, Shimwa; mwana, Ntare; na kaka, Bruce. Mashada yatawekwa kwa mpangilio huo. Shimwa, kunja karatasi, mshike mdogo wako mkono, tutangulie.

Baba Shimwa, pumzika sasa kwa amani.