Nyumba Nzuri, Bei ya Bure

Kijiwe cha kahawa cha Abdalah kipo pale inapochepuka barabara ya Kibondo, benchi moja, birika moja, na ng'ambo yake nyumba yangu. Mimi si mtu wa kijiweni, mwanamke mwenye mtoto mgongoni anatafuta nini kijiweni, lakini mwaka ule wa tisini na saba malori yalikuwa yanapita kukusanya wenye asili ya Burundi na kuwapeleka kambini, mume wangu Ndayisenga wakamchukulia sokoni, jembe jipya mkononi, na mimi niliyezaliwa hapahapa Kasulu nikawa nashtuka kila nikisikia injini. Nilitaka niuze nyumba kabla hawajanifikia, nimfuate nikiwa na chochote. Mnunuzi wa Muyama aliagiza kwamba atafika mchana. Nikavuka kuomba ushauri.

— Chokaa, Mama Vestina, akasema Melkiadi, fundi mwashi, wanamwita Injinia ingawa ukuta wake mmoja ulishaanguka. — Paka mbele tu. Mnunuzi aangalie nyuma, kwani anaoa?

— Usipake! akadakia Leonidasi, jina lake la utani Redio, maana hazimiki. — Chokaa mbichi inasema mwenye nyumba anakimbia. Washa moto jikoni, anika suruali za Baba Vestina kwenye kamba, nyumba ionekane ina mwanamume.

— Akiuliza mwanamume yuko wapi? nikasema.

— Nitakaa mimi, akasema Injinia. — Navaa koti lake, nakunja nne barazani, nakohoa kidogo.

— Wewe ukikohoa watadhani nyumba ina kifua kikuu! akasema Redio.

Wakacheka, na mimi nikacheka, hofu ikikukaa sana unacheka tu.

— Ng'ombe wangu nakuazima, umfunge uani, akasema Abdalah akimimina.

— Na watoto, akadakia Redio. — Nyumba ya mtoto mmoja inaonekana ina mkosi. Chukua wangu wanne, ila uwaogeshe. Halafu wewe mwenyewe usiongee, tutasema ni bubu. Kirundi kitakutoka.

— Bubu? Nimemaliza kidato cha nne hapahapa, Kiswahili chako ndicho kinachechemea!

— Ukishtuka unamwita Mungu kwa Kirundi, "Mana yanje".

— Hata mama yako anasema "Mana yanje", na ni Muha wa hapahapa!

— Ndiyo. Lakini yeye hauzi nyumba.

Hapo sikucheka.

Tukiwa bado tunabishana, mchana wenyewe haujafika, mama mmoja wa makamo akashuka kwenye keria ya baiskeli, akasalimia, akajitaja kuwa ni Apoline wa Muyama, ameambiwa kuna nyumba. Mimi hata mdomo sijafungua, benchi zima likalipuka. Bati halivuji hata tone! Kisima hapo tu! Migomba inajizalia! Majirani, mama, majirani wa hapa ni ndugu!

Apoline akanywa kahawa yake taratibu, macho ng'ambo.

— Nzuri hivyo?

— Nzuri mno!

— Na bei?

— Ya bure kabisa, mama!

— Sasa ninyi mnaoiona kila siku, mbona hamjainunua?

Injinia akatazama ndani ya kikombe. Redio akainama kufunga kamba ya kiatu, na kamba ilikuwa imefungwa. Abdalah akafuta birika, akalifuta tena. Niliwaangalia mmoja mmoja. Si watu wabaya, matofali ya nyumba ile tulichoma pamoja, na kama malori yangenikuta siku ile nadhani wangelia kweli. Lakini nyumba iliyoachwa hainunuliwi, mtu anaingia tu, na kila mmoja pale kwenye benchi alishaingia, kichwani mwake, akachagua na chumba.

Apoline akaweka kikombe chini.

— Mwenye nyumba ni nani hapa?

Na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuna aliyenitangulia kujibu.