Mashine ya Mama Nafiso

Liban alipunguza mwendo wa tuktuk ili asipitwe na neno. Nyuma yake, Mama Nafiso alikuwa amepakata mashine ndogo ya betri ya kulimia bustani yake ya mboga.

"Eedo, shangazi yangu, wallahi ungechukua ile kubwa," alisema abiria mwenzake, karani asiye na sugu hata moja mkononi. "Udongo wa kando ya mto ni mgumu."

"Ile kubwa nilijaribu kuinua, ikanishinda."

"Kwani mashine ni ya kulima ama ya kubeba?"

"Kijana, mwaka wa ukame niliinua ng'ombe wangu kila asubuhi ndio wasimame. Yule alinishinda kuinua, huyo ndiye alikufa."

Tuktuk ilisimama. Karani akanung'unika tena habari ya udongo. Liban aliruka kumsaidia mama, lakini mashine ilikuwa tayari begani, na mwenyewe ameshavuka mtaro.