Pijo Linalovuta Kushoto

Kumasi nzima hakuna mwanamke anayeyajua magari kunizidi, ingawa yote niliyajulia nyuma, nikiyasukuma. Basi ndani ya trotro, daladala letu la huku, nikatega sikio.

"Nana, Pijo lako la nyumbani likivuta upande litayala hayo matairi mapya niliyokuuzia," Serwaa muuza matairi alimwambia abiria mwenzake, Mzee Agyapong, akimwita Nana kwa heshima ya wazee. "Kapime alaimenti leo, magurudumu yanyooshwe!"

"Taratibu, binti yangu. Springi nimezifunga wiki jana, acha kwanza zikae." Mzee akatabasamu. "Marehemu mke wangu, aliyetuacha mwaka juzi, ndiye aliyeligongesha kwenye ukingo wa barabara. Tangu hapo linavuta kushoto, kama linamtafuta kwake sokoni. Na siku nilipofunga hizi springi, gari liliinuka juu, naye akapanda akilalama, 'Mume wangu, umeninunulia ghorofa?'"

Trotro ikasimama. Kilikuwa kituo cha Serwaa, lakini hakushuka.

"Springi za wiki jana, Nana, marehemu alizipandaje?"